Kishimo Kimoja cha Buluu

Kingamwili walizozihangaikia mtafiti na mwenzake kwa miaka sita zilikuwa na kazi moja: zikikuta saratani ya tezi dume ndani ya damu, tone ligeuke buluu.

Mtafiti aliinamia kibao chake chenye vishimo vya matone ya damu. Vya wagonjwa vyote vilikuwa buluu. Vya wanaume wenye afya vilikuwa vyeupe, isipokuwa kimoja.

"Kimeingia uchafu tu hicho," mwenzake alisema.

Mtafiti alirudia kipimo mara tatu. Buluu ileile.

Damu hiyo ilikuwa ya baba yake, aliyejitolea kwa mbwembwe: "Chukueni ya mwanamume ngangari!"

Akampigia simu.

"Baba, njoo tena kesho asubuhi."

"Mmeona damu yangu ilivyo tamu, eh?"

"Tumeona, baba," alisema, kidole kikiwa bado juu ya kile kishimo. "Njoo na mama."