Legeza Kiuno

Mjinga wa siku ile alikuwa Mbaruku mwenyewe, na hata leo habishi. Mwalimu wa dansi ya regetoni alisema, "Legeza kiuno!", yeye akafungua mkanda na kuuchomoa. Suruali ikamshuka hadi magotini, darasa zima likaangua kicheko.

Akaipandisha, mkanda akauacha sakafuni, akakimbilia mlangoni. Mchumba wake, Tufaha, akamfuata.

"Jumamosi ni harusi yetu, tunaingia ukumbini tukicheza, bwana. Unakwenda wapi?"

"Nicheze mbele ya wakwe? Naogopa, Tufaha. Tuingie tukitembea tu, kama watu wazima."

Muziki ulikuwa bado unadunda. Tufaha akarudi, akauokota mkanda, akauzungusha taratibu kiganjani.

"Basi baki na woga wako. Mimi nitaingia nikicheza na huu mkanda badala yako."