Utaridi

Darasani kwa Mwalimu Tunu walibaki watoto wanne. Wengine wote walikuwa wamejazana mlangoni mwa darasa la jirani yake, Mwalimu Kizito, wakitazama video ya sayari zikizunguka ukutani. Kizito alizitoa mtandaoni. Tunu alizifundisha miaka tisa kwa machungwa na kibatari.

Alikwenda kuwafukuza, akajikuta naye anatazama. Zilikuwa nzuri mno. Wivu ukamwingia.

Ndipo maandishi ya Kiswahili, yaliyotafsiriwa na mashine, yakapita chini ya picha: "Sayari iliyo karibu zaidi na Jua ni Zebaki."

Zebaki! Ile ya kwenye kipimajoto! Kwa Kiingereza jina ni moja, lakini kwa Kiswahili sayari hiyo ni Utaridi. Watoto wakainama, wakaandika. Keshokutwa wana mtihani.

"Dada Tunu, mbona unasimama mlangoni kama mdai?" Kizito alicheka. "Ingia bwana! Nikikosea unisahihishe, mimi na hizi sayari tumejuana juzi tu."

Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Watoto wakamgeukia, kisha wote wakageukia tena ukuta kwa mpigo mmoja, maana pete za Zohali zilikuwa zimetokea.

"Hakuna kosa, mwalimu," Tunu alisema. "Endelea."

Alirudi darasani kwake, akawaambia wale wanne kuwa sayari ya kwanza si Zebaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: UTARIDI. Nyuma ya ukuta darasa zima lilikuwa likiitikia, "Zebaki! Zebaki!"

Wale wanne wakatazamana.

"Mwalimu," mmoja akauliza, "sasa wale nani atawaambia?"