Machozi ya Jiji la Heri

"Kata," Christopher alisema kwa mara ya kumi na tisa tangu asubuhi. Bimdogo alikuwa amefungua bomba, maji yanamwagika, kamera inamtazama usoni, na uso wenyewe ulikuwa mkavu.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Hayajaja."

Machozi ndiyo hayakuja. Maji yalikuja vizuri tu.

Filamu ilihusu Jiji la Heri, mwaka 2100, ambako kila kitu ni bure, hakuna ugomvi, na bomba liko kila mlango. Siri ni kwamba maji yale yana dawa: ukiyanywa unawasahau wafu wako, ndiyo maana hakuna anayelia. Katika tukio la mwisho mwanamke mmoja anaigundua siri hiyo, anafungua bomba, anaacha maji yamwagike chini, na anawalilia wanawe kwa mara ya kwanza. Hadithi ilitungwa na Severina, mwalimu wa Masasi. Katika kitabu chake mwanamke anafunga tu bomba na kwenda zake. Christopher, mwongozaji kutoka Dar es Salaam, mwenye miwani moja machoni na nyingine utosini, alimweleza kwamba bomba lililofungwa halina mvuto kwenye sinema.

Basi akaja kujenga paradiso yake ukingoni mwa uwanda wa juu wa Newala, mwezi wa Oktoba, katika kitongoji cha nyumba saba ambako maji hufuatwa bondeni na kupandishwa kichwani. Kila nyumba ina kisima cha saruji cha kuvunia mvua, na ikifika Oktoba kila kisima kina vumbi na mjusi. Mabomba ya Christopher yalikuwa ya plastiki, yakilishwa na boza, lori la maji, lililofichwa nyuma ya mikorosho. Siku ya kwanza aliwakusanya wenyeji, akawaonya wasije wakaamini mahali panapotoa kila kitu bila jasho. Walimsikiliza kwa adabu. Hatari hiyo ilikuwa haijawahi kuwakaribia, isipokuwa labda kila baada ya miaka mitano, na hata hapo huwa haikai zaidi ya wiki mbili.

Bimdogo alichaguliwa kwa sababu ya uso wake. Alikuwa amezika watoto wawili, jambo ambalo Christopher aliliona kuwa bahati, kwa upande wa filamu. Siku ya majaribio mama huyo alilia mpaka mshika kamera akaomba mapumziko. Kazi yenyewe ilipoanza, jicho likakauka.

Alishindwa kwa kila namna. Mara alipiga chafya. Mara aliitazama kamera kama mtu aliyefuatwa na mkusanya kodi. Zaidi ya yote, watu walipita karibu na kumwamkia, na yeye, katikati ya huzuni ya mwaka 2100, akaitikia marahaba, maana kuinyamazia shikamoo ni kosa ambalo hata karne ijayo halitasamehewa. Christopher akaweka mlinzi njiani. Wapita njia wakaongezeka.

Angalau alikuwa na busara. Ndiye aliyesema kwamba maji yakimwagika chini yataleta tope, na tope litaonekana watakaporudia. Heri waweke ndoo chini ya bomba, pale ambapo kamera haifiki. Christopher alimsifu mbele ya wote kwamba mama huyu anafikiri kisinema. Wanawake waliovaa magauni meupe ya raia wa Jiji la Heri wakapokezana ndoo. Zilitoka zimejaa, zikarudi tupu. Boza liliteremka na kupanda mara mbili kwa siku, na mwongozaji alikuwa na mambo makubwa ya kufikiria kuliko ndoo.

Siku ya sita uvumilivu wake ulikwisha. Tamasha moja la filamu huko ng'ambo lilikuwa linafunga mlango Ijumaa. Bila machozi hakuna mwisho, na bila mwisho hakuna filamu. Alimwambia Bimdogo, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba mwigizaji wa kweli ameshapanda basi na atafika kesho.

Bimdogo alitazama chini. "Nipe mpaka jioni, baba. Yasipokuja, mpe yeye."

Wakarudia mara tano, mara sita. Chafya, shikamoo, chafya. Alasiri jirani yake, Mama Upendo, aliyekuwa akisimamia ndoo, alikuja akifuta mikono kwenye gauni lake jeupe, akamnong'oneza kwa Kimakonde.

"Kweli?" Bimdogo aliuliza.

Mama Upendo akaapa. Bimdogo akakaza kilemba chake na kurudi bombani.

Alifungua maji, akalia. Alimwita mwanawe wa kwanza kwa jina, kisha wa pili, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza hata kidogo. Njiani hakupita mtu. Chini ya bomba hapakuwa na ndoo, na tope likatapakaa watu wakilitazama tu. Christopher alisahau kusema "kata", kwa kuwa naye alikuwa analia.

Walipomaliza alimvuta Mama Upendo kando. Alitaka kujua, kwa faida ya filamu zake zijazo, ni marehemu yupi aliyemkumbusha mwenzake.

"Sikumkumbusha marehemu, baba," Mama Upendo alisema. "Nilimwambia kisima cha nyumba ya saba kimejaa."