Kura ya Anaeli

Helikopta ya uokoaji aliyokuwa akiirusha kaka yangu Anaeli ilianguka kwenye kilele cha Mawenzi asubuhi. Yuko hai, mguu umevunjika. Lakini sheria ni hiyo: haokolewi mtu mpaka ndugu zake watano waseme “aokolewe” kwenye simu. Wanne tulishasema.

“Baba mdogo, tafadhali, sema tu,” nilimsihi kwenye simu.

“Nisemeje? Harusi yake nilisikia kwa majirani!”

“Kule ni barafu tupu!”

“Kwa hiyo mbaya ni mimi?”

Mama alimbembeleza shemeji yake saa nzima. Mwishowe Baba mdogo akalitamka neno hilo, amenuna.

Mashine iliyokuwa ikipokea kura kwenye simu ikashukuru, kisha ikamfungulia sauti Anaeli, aliyekuwa akitusikia muda wote.

“Asanteni,” alisema taratibu. “Baba mdogo, kumbuka na mimi ni mmoja wa watano wako.”