Sauti ya Abdimajid

Samatar alijifunika pazia zito la kahawia, mojawapo ya yale aliyokuwa akiuza pale Kariobangi, akabana pua kwa vidole viwili, akawa Abdimajid.

"Hooyo, asalaam aleikum. Mimi sijambo, ila daktari bado amenikataza kuongea sana. Nimesikia kwenye redio kwamba Somalia imekubaliwa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi sasa Nairobi na Beledweyne ni nyumba moja. Niombee dua, hooyo."

Akautuma ujumbe huo wa sauti kwa mama yake, akatoka ndani ya pazia huku jasho likimtiririka. Roseline, jirani yake wa kibanda cha mitumba, alikuwa amesimama akimtazama, mikono kiunoni.

"Umemfufua tena?"

"Roseline, niache."

"Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sasa wewe umeficha kilio chenyewe. Wewe utafichuliwa na nini?"

Samatar akaanza kulikunja lile pazia. Mdogo wake Abdimajid alikuwa kaburini tangu mwezi wa tatu. Asubuhi aliyokufa, zamu ya kwenda mjini kuchukua mzigo wa vitambaa ilikuwa ya Samatar. Mvua ilikuwa ikinyesha, naye akasingizia mgongo, akamtuma Abdimajid kwa bodaboda. Lori likamgonga Jogoo Road. Walimzika siku hiyo hiyo, na jioni mama yao, Ardo, akapiga simu kumuulizia, maana siku haikumwishia vizuri bila kumsikia mwanawe huyo.

Samatar ndiye aliyepokea. Akasema Abdimajid ameshikwa na ugonjwa wa moyo, yuko kitandani, na daktari amekataza mazungumzo marefu na habari zozote za kumshtua. Aliukusudia uwe uongo wa siku tatu tu, mpaka apate ujasiri. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa unaisha, na ujasiri wenyewe haujaonekana.

Mwanzoni mama alimhoji mgonjwa wake kwa ujumbe wa sauti, kama hakimu. Umekula nini? Nani anakufulia? Umeswali? Dada yao mdogo, Ilwad, aliyeishi na mama huko Beledweyne, ndiye aliyembonyezea simu. Kila swali lilimkata Samatar maini.

Mwezi wa tano Mto Shabelle ukavunja kingo, Beledweyne ikazama, na simu za kwao zikanyamaza kwa wiki mbili. Ziliporudi, mama alikuwa na kikohozi na sauti ya mkwaruzo. Ilwad alieleza kwamba ni baridi, kwa kuwa walilala mlimani siku nyingi nguo zikiwa zimelowa. Kisha akauliza, kama alivyouliza kila mara, moyo wa Abdimajid unaendeleaje.

"Hivyo hivyo tu," Samatar alimwambia. "Msimshtue."

Tangu hapo maswali ya chakula yakaisha. Mama akawa anasimulia mambo ya nchi kama msomaji wa taarifa ya habari: ukame umekwisha na mahindi yameota, vita vimefika mahali fulani, mto umefurika tena na watu wamerudi mlimani. Samatar alishukuru. Habari za taifa ni rahisi kujibu kwa pua iliyobanwa. Alishukuru hata kwa kile kikohozi, kwa vile kilifupisha maneno, kisha akajionea haya hadi chakula kikamshinda.

Jibu la ujumbe wa Jumuiya lilifika kabla ya adhuhuri. Mama alikohoa. Akasema labda bei ya mchele itashuka, na kwamba huu ni mwaka ambao watu wa Beledweyne hawatausahau. Akamalizia: "Jitunze, walaal."

Samatar akalisikiliza tena, na tena. Walaal! Mama wa Kisomali humwita mwanawe "hooyo", neno lile lile analoitwa yeye na mwanawe. "Walaal" ni la ndugu kwa ndugu. Tangu awazae, Ardo hakuwahi kulikosea.

"Amechanganyikiwa," alimwambia Roseline. "Hamjui tena hata mtoto wake mwenyewe. Ni mimi. Huu uongo wangu ndio umemla akili."

Roseline safari hii hakumtania. "Sasa mwambie, Samatar. Huyo mama akifa na uongo yako kwa masikio, utaomba nani msamaha?"

Hakujifunika pazia. Alisimama katikati ya kibanda, nyundo za mafundi wa jua kali zikigonga mabati nyuma yake, akazungumza kwa sauti yake mwenyewe.

"Hooyo, ni mimi Samatar. Abdimajid alifariki mwezi wa tatu. Zamu ilikuwa yangu, nikamtuma yeye. Zile sauti zote zilikuwa zangu. Nimekukosea sana, hooyo. Nisamehe."

Alama mbili chini ya ujumbe zikageuka buluu. Dakika ikapita, kisha tano. Mteja mmoja aliuliza bei ya pazia la maua, akauliza tena, akaenda zake. Roseline alikuwa ameshika sweta moja muda wote huo bila kulikunja.

Hatimaye ujumbe wa sauti ukaingia, na Samatar akaubonyeza. Ilikuwa sauti ile ile iliyomjibu miezi yote hiyo, ila sasa bila kikohozi wala mkwaruzo. Ilikuwa ya Ilwad.

"Mama tulimzika mwezi wa tano, Samatar. Si ulisema moyo wa Abdimajid hauwezi kuhimili habari mbaya?"