Mfunike Vizuri, Shangazi

Siku hizi hakuna anayezungumza na mtu wa ng'ambo moja kwa moja. Mkalimani, mtambo wa lazima hata kwa wenye lugha moja, huyachukua maneno yako na kuyafikisha kwa sauti yako mwenyewe, ila kwa adabu za huko. Na huko Oslo, mtu haletewi huzuni akiwa kazini.

Kaka yangu Shekue alifariki alfajiri, hapa Muheza. Kwetu aliye ugenini hapasuliwi habari ya kifo kwenye simu. Nikampigia binti yake, Mwanaidi, aliyekuwa kazini huko Oslo, nikamwambia kama tunavyoambiana siku zote: "Mwanangu, baba amezidiwa. Njoo."

Kioo cha simu kikanionyesha alichofikishiwa: "Baba angependa kukuona ukipata nafasi."

"Nitakuja Desemba, shangazi," akajibu kwa furaha.

Nikavunja mwiko, nikapiga kelele: "Mwanaidi, baba yako amekufa! Tunamzika leo saa kumi!"

Kioo kikaandika: "Baba ana homa kidogo. Usijali."

"Maskini baba! Mfunike vizuri, shangazi. Unajua hawezi baridi."

Chumba cha pili walikuwa wanakata sanda.