Nyuso Saba

Nduta alihesabu tena nyuso za wanakwaya kwenye kompyuta. Nane, yeye mwenyewe akiwamo. Nafasi kwenye bango ilikuwa ya nyuso saba tu.

Bango la kwanza la tamasha lao la Bungoma lilijaa maneno hata hakuna aliyelisoma. Sasa mwenyekiti wa kwaya alikuwa ameegemea meza ya duka la uchapaji la Nduta pale Kitale, akitoa masharti: karatasi moja, wino mweusi tu, na namba ya simu isomeke kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mtoe yule wa besi," akasema. "Si alituacha akahamia Bungoma, bana?"

Nduta akamfuta. Uso ukaenda, joho likaenda, lakini mkono ukabaki begani kwa Nduta, vidole vimetulia kama siku ile ya picha. Joto la kiganja kile lilikuwa limepenya joho.

"Na huo mkono?"

"Nitaumaliza. Nenda ukanywe chai, ukirudi utapata nimechapa."

Mwenyekiti alipotoka, Nduta akamrudisha mwanamume yule mzima mzima. Kisha akaanza kujifuta mwenyewe, polepole, kutoka miguuni kwenda juu. Bega aliliacha mwisho.

Mashine ikatema mabango hamsini, yote ya kubandikwa Bungoma. Katika kila moja mwimbaji wa besi alikuwa anacheka, mkono ameunyoosha kando, na chini ya vidole vyake hapakuwa na mtu.